Chokaa, Tembo na Mikoko: Hesabu ya Kemia Katika Pwani ya Kwale

Pale Mto Mwachema unapomwaga maji yake baharini, upande wa kaskazini wa ufuo wa Diani, upo Msikiti wa Kongo, umezungukwa na mibuyu minene. Ni miongoni mwa misikiti mikongwe ya pwani hii. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na mpaka leo watu wanaswali humo. Ukiuwekea ukuta wake kiganja, unagusa kitu kilichofanya safari ya ajabu: kilikuwa jiwe, kikawa unga, kisha kikarudi kuwa jiwe. Safari hiyo ina hesabu yake, nayo ni ile ile inayowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tatu, kuanzia Waa hadi Lunga Lunga, kila wanapofikia mada ya moli.

Nimesikia mara nyingi, kwa wazazi na hata kwa walimu, kwamba hesabu za kemia ni mambo ya mbali yaliyokuja na vitabu. Sikubaliani nao. Pwani ya kusini imeishi na hesabu hizi karne nyingi, kwenye tanuri, kwenye mnazi na jikoni. Kilichochelewa kufika ni mizani nyepesi na kalamu.

Tuanze na tanuri. Fundi wa chokaa hupanga magogo kwa duara, safu juu ya safu, na katikati huacha nafasi ya kutilia moto. Juu ya magogo humwaga matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ukishika, huachwa uwake wenyewe mpaka kuni ziishe na mawe yaporomoke katikati, meupe na mepesi kuliko yalivyopanda. Kisha huja maji, ya mtungi au ya mvua. Jiwe lililochomwa likiguswa na maji hulia, hupasuka, hufuka mvuke, na joto lake humfanya mtu arudi nyuma. Hapo ndipo chokaa inapozimwa. Mafundi wazuri hawakuitumia siku hiyo. Waliiacha chunguni miezi mingi mpaka ilainike.

Ule wepesi wa jiwe lililochomwa ndio mlango wa kemia yote ya vipimo. Jiwe limepoteza nini? Moshi tunauona, lakini moshi ni wa kuni. Aliyelijibu swali hilo kwa mizani ni Joseph Black, daktari kijana wa Scotland, katika miaka ya 1750. Alichoma magnesia na mawe ya chokaa, akapima kabla na baada, akagundua kwamba kilichopungua ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Alionyesha pia kwamba hewa hiyo ndiyo tunayoitoa puani: pulizia maji ya chokaa safi kwa mrija, yatageuka meupe kama tui. Leo tunaiita kaboni dioksaidi, na katika biashara ya mazingira hewa ukaa.

Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Kalsiamu ina uzito wa 40, kaboni 12, oksijeni 16, na oksijeni ziko tatu. Jumlisha: 40 na 12 na 48, unapata 100. Moto ukipita nyuzi 900 hivi, mia hiyo hugawanyika: 56 hubaki tanurini kama chokaa isiyozimwa, na 44 huruka. Kwa hiyo tani moja ya matumbawe safi hutoa kilo 560 za chokaa, na kilo 440 huenda angani. Matumbawe ya Diani si safi kiasi hicho, yana mchanga na unyevu, kwa hiyo fundi hupata pungufu. Lakini hakuna fundi, hata awe hodari vipi, atakayepata zaidi.

Endelea. Zile kilo 560 zikizimwa hunywa kilo 180 za maji, zikawa kilo 740 za chokaa iliyozimwa. Fundi huichanganya na mchanga, huijengea, huipakia ukutani. Hapo huanza kazi ya pole pole inayochukua miezi na miaka: ukuta unavuta hewa. Unarudisha zile kilo 440 za kaboni dioksaidi na kuziachia zile kilo 180 za maji zikauke. 740 kuongeza 440, toa 180: unarudi kwenye 1,000. Tani ile ile ya tumbawe, sasa ikiwa na umbo la msikiti. Sijui mfano mwingine wowote katika kitabu cha kidato cha tatu unaofunga hesabu yake kwa uzuri namna hii, wala sielewi kwa nini haumo katika mafunzo ya kila shule ya Kwale.

Nenda Gazi, kilomita chache kabla ya Msambweni, utaikuta nyumba iliyokuwa ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka kwenda upande wa Wajerumani. Nyumba hiyo baadaye ilitumika kama shule ya msingi. Watoto walijifunza kuhesabu ndani ya kuta ambazo zenyewe ni hesabu.

Mwaka 1792 Mjerumani Jeremias Benjamin Richter aliupa utaalamu huu jina, stoikiometria, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: elementi na kipimo. Alitaka kujua asidi kiasi gani inatosha kuumaliza ukali wa besi kiasi gani. Wenzake wengi hawakumjali, kwa kuwa maandishi yake yalikuwa mazito kusomeka. John Dalton akafuata na atomu zake mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1811 Amedeo Avogadro wa Italia akatoa wazo kwamba hewa za ujazo sawa, katika joto na mgandamizo sawa, zina idadi sawa ya chembe. Wazo hilo lilikaa karibu miaka 50 bila kupewa haki yake. Mwaka 1860 wanakemia walikutana Karlsruhe, na mwananchi mwenzake Avogadro, Stanislao Cannizzaro, akawaonyesha jinsi ya kulitumia kupata uzito wa atomu. Kuanzia hapo ndipo watu wa nchi mbalimbali walipoanza kuandika 12 na 16 na 40 wakimaanisha kitu kimoja. Neno moli lenyewe lililetwa na Wilhelm Ostwald katika miaka ya 1890.

Moli inawatisha wanafunzi kwa sababu ya ukubwa wa nambari yake. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa rasmi kuwa chembe 6.02214076 mara kumi kwa kipeo cha 23, bila kubakisha. Nani ataihesabu? Hakuna, na hakuna haja. Ingia duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda uombe misumari elfu mbili: muuza duka hatahesabu mmoja mmoja, atapima kwa kilo, kwa maana anajua kilo ya misumari ya inchi tatu ni mingapi. Moli ni hivyo hivyo. Ni njia ya kuhesabu kwa mizani vitu visivyohesabika kwa vidole.

Na sisi tunacho kipimo cha namna hiyo tangu zamani. Pishi ni vibaba vinne. Frasila ya pembe au ya mbata ilikuwa kama kilo 16. Kila mwisho wa Ramadhani, nyumba za Msambweni bado zinatoa fitri kwa pishi, na kila mama anajua kwamba pishi ya mchele na pishi ya kunde hazina uzito mmoja. Kipimo kimoja, vitu viwili, uzani tofauti: mtoto aliyelishika hilo amekwisha kuelewa kwa nini moli ya maji ni gramu 18 na moli ya chumvi ni gramu 58.5. Amebakiza kuambiwa tu kwamba pishi huhesabu ujazo na moli huhesabu idadi.

Sasa tupande mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara kwa kisu kikali, hufunga kibuyu na kushuka na alichokivuna. Maji ya mnazi yakishuka ni matamu. Kufika adhuhuri yamechacha, na yakiachwa siku kadhaa ni siki. Mwaka 1789 Antoine Lavoisier wa Ufaransa, katika kitabu chake kikubwa cha kemia, aliieleza kanuni kwamba katika kazi yoyote ya maumbile hakuna kinachoumbwa kipya, kiasi cha mwanzo ni kiasi cha mwisho. Hakuiandika kwenye sura ya madini wala ya moto. Aliiandika kwenye sura ya uchachishaji wa mvinyo, baada ya kupima sukari, maji na hamira vilivyoingia na kila kilichotoka. Mwaka 1815 Gay-Lussac aliiweka sawa hesabu ya sukari kugeuka kileo. Kwa nambari za leo: glukosi gramu 180 hutoa kileo gramu 92 na kaboni dioksaidi gramu 88. Hiyo 88 ni 44 mara mbili. Hewa inayotokota kwenye kibuyu cha mgema ndiyo hewa iliyoliacha jiwe kule tanurini.

Mgema ametuachia pia somo la ukolezi, na limo katika methali ambayo kila Mswahili anaijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chukua lita 5 za tembo, ongeza maji mpaka ziwe lita 10. Kileo kilichomo hakikupungua hata tone. Kimetawanyika katika ujazo maradufu, kwa hiyo ukolezi umekuwa nusu. Wanafunzi huandika kwamba ukolezi wa kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na ukolezi wa pili mara ujazo wa pili. Jikoni kwetu jambo hili lina maneno yake kamili. Kasimile, lile tui la mkamuo wa kwanza, ni zito. Tui la pili ni jepesi. Chumvi ikitosha tunasema mchuzi umekolea, na kikali tunakizimua. Istilahi za Kiswahili za kemia zilichota hapo hapo: ukolezi ulitoka kwenye kukolea. Tangu mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno tunayo.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapoangukia. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Nilifundishwa kanuni ile ya kuzimua nikaikariri kama dua, kisha nikaitumia kila mahali nilipoona asidi na besi. Siku moja tulipewa asidi ya salfa. Kwenye pipeti sentimita 25 za ujazo za sodiamu haidroksaidi, 0.1 moli kwa lita. Kwenye bureti asidi ya ukolezi ule ule. Kanuni niliyoikariri iliniambia nitatumia sentimita 25 za asidi. Nilifungua koki, matone yakaanza kudondoka, waridi ya kiashiria cha fenolfthalini ikawa inafifia pale tone lilipoangukia na kurudi kila nilipotikisa chupa, na ghafla ikatoweka kabisa. Nilitazama bureti: 12.5. Nilidhani nimeharibu. Nilimwaga, nikarudia, nikapata 12.5 tena, na bado kwenye daftari nikaandika 25 kwa kuamini kanuni kuliko macho yangu.

Macho yalikuwa sahihi. Moli moja ya asidi ya salfa humaliza moli mbili za sodiamu haidroksaidi, kwa hiyo moli 0.0025 za besi zilihitaji moli 0.00125 tu za asidi. Kanuni ya mgema ni ya kutia maji. Haijui chochote kuhusu vitu viwili vinavyokutana na kugeuzana. Vitu vikigeuzana, kwanza andika mlinganyo, usawazishe, usome unasema ngapi kwa ngapi, ndipo ushike mizani au bureti. Laiti ningeambiwa sentensi hiyo siku ya kwanza.

Mfano wa siki unafaa zaidi kwa shule zetu kwa kuwa mali yake iko mlangoni. Tuseme umechukua sentimita 10 za siki ya mnazi, ukaziongezea maji mpaka 100, ukapima 25, zikamalizwa na sentimita 20 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1. Besi iliyotumika ni moli 0.002. Asidi ya siki humalizana na besi moja kwa moja, kwa hiyo katika zile 25 mna moli 0.002, katika 100 mna 0.008, na hizo 0.008 zilitoka katika sentimita 10 za mwanzo. Ukolezi wa siki yako ni moli 0.8 kwa lita. Zidisha kwa 60, uzito wa moli moja ya asidi hiyo: gramu 48 kwa lita, karibu asilimia 5. Ndani ya mfano huo zimo kanuni zote mbili, ya mgema ya kutia maji na ya tanuri ya vitu kugeuzana, kila moja mahali pake.

Kuna hesabu za ukolezi ambazo Kwale ilizijua kwa uchungu. Ramisi ilikuwa na kiwanda cha sukari tangu mwaka 1927, cha pili Kenya baada ya kile cha Miwani, na maabara ya kila kiwanda cha sukari hupima maji ya muwa kwa digrii za Brix, yaani gramu za sukari katika gramu 100 za mmumunyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1988, na miaka mingi ikapita kabla ya kampuni ya KISCOL kuyarudisha mashamba yale. Kichocho nacho kiliifanya Msambweni ijulikane kwa watafiti wa tiba duniani. Ukali wa ugonjwa huo hupimwa kwa idadi ya mayai katika mililita 10 za mkojo. Yakifika 50, maambukizi ni mazito. Mtoto wa Kwale aliyepeleka kichupa chake kwa mpimaji alikuwa amepimwa ukolezi kabla hajalisikia neno.

Wala tusiisahau pakiti ya ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji anayehara. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba lita moja ya mchanganyiko huo iwe na gramu 13.5 za glukosi. Gawanya kwa 180, unapata moli 0.075. Ukijumlisha sodiamu iliyo katika gramu 2.6 za chumvi na gramu 2.9 za sitreti, unapata karibu moli 0.075 vile vile. Usawa huo ni wa makusudi: ndani ya utumbo, glukosi na sodiamu huingia pamoja, na maji hufuata. Mama anayeikoroga pakiti hiyo kwenye nusu lita badala ya lita nzima amempa mtoto anayehara mmumunyo mkali maradufu, na chumvi iliyozidi inaweza kumdhuru. Katika maisha yangu sijaona sababu nzito kuliko hiyo ya kumfundisha kila msichana na mvulana ukolezi ni nini.

Kisha ikaja titani. Mchanga wa Maumba na Nguluku ulitafitiwa kwanza na kampuni ya Tiomin ya Canada, ukachimbwa na Base Titanium, na meli ya kwanza ya madini ikaondoka Likoni Februari 2014. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Kilichopakiwa zaidi ni ilmenaiti: chuma moja, titani moja, oksijeni tatu. 56 na 48 na 48, jumla 152. Katika tani moja ya ilmenaiti safi mna kama kilo 316 za titani. Ukiihesabu kama titani dioksaidi, ule unga mweupe wa rangi za nyumba, ni kama kilo 526. Katika rutaili, ambayo ni titani dioksaidi yenyewe, titani ni asilimia 60. Kwa hiyo tani kwa tani, mizigo miwili hiyo haikuwa na thamani moja, na jamii inayoishi karibu na shimo ilistahili kuwa na vijana wa kuisoma karatasi ya mzigo na kuikokotoa wenyewe. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaipa serikali ya kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii asilimia 10. Asilimia 10 ya kitu usichoweza kukipima ni ahadi tu.

Kwale imetoa weupe wa aina mbili, chokaa ya kuta za kale na titani ya rangi za leo. Wa kwanza tulijua kuutengeneza wenyewe mpaka mwisho. Wa pili ulisafirishwa ukiwa mchanga mweusi.

Turudi Gazi. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za viwanda, zikiwemo za kuchomea chokaa na matofali. Kila 12 ya kaboni iliyokuwa ndani ya mti ilitoka motoni ikiwa 44 ya kaboni dioksaidi, juu ya ile 44 iliyokuwa ikitoka katika jiwe lenyewe. Tangu mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya, KMFRI, wakiwemo kina James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ukaa kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yake yakaenda kwenye maji na shule.

Mwalimu wa kidato cha tatu, ukianza mada ya moli muhula ujao, wapeleke wanafunzi wako huko kabla hujafungua kitabu. Wapitishe kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, kisha waketi kivulini na madaftari yao. Waambie kwamba mradi ule ulikadiriwa kuzuia kama tani 3,000 za kaboni dioksaidi kwa mwaka, na uwaulize kaboni yenyewe ni tani ngapi. Watagawanya kwa 44, watazidisha kwa 12. Jibu ni karibu tani 818.